Nesi Aliyeingia Nyumba Iliyofiwa

Nilikuwa darasa la pili kule Masieda mama yangu alipofariki, enzi ambazo wilaya yetu bado ilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha. Kwetu nyumba iliyofiwa ilitengwa. Majirani walikuja kuzika, wakanawa, wakaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuomba moto wala kuazima jembe. Ng'ombe wetu walinyweshwa peke yao, na watoto niliozoea kucheza nao waliitwa nyumbani kila nilipokaribia. Watu hao hao walijaa kanisani Jumapili, lakini jambo hili halikumhusu padri. Kifo, walisema, hubaki kwa waliofiwa kama unyevu kwenye nguo, na anayewagusa kabla ya kutakaswa huondoka nacho.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeisimamia sheria hiyo, na sidhani alifanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe.

Aliyekuja kwetu alikuwa nesi wa zahanati, Mama Zuhura, Mwislamu kutoka Muheza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo kwao. Aliingia jioni moja na binti yake mgongoni, akamwamkia bibi shikamoo, akaketi. Nywele zangu zilikuwa zimesokotana tangu mama alipoanza kuugua. Alizichana polepole, akazipaka mafuta. Bibi alimweleza mila yote, kisha akamwambia, "Mwanangu, una mtoto mdogo. Usije tena mpaka tutakaswe."

"Nimesikia, bibi," alijibu. Kesho yake akaja tena, na uji. Usiku huo nililala usingizi.

Haukupita muda Zuhura akashikwa na homa, akafa. Kijiji kizima kilijua sababu. Mimi pia niliijua, na niliacha kumgusa hata mdogo wangu. Mtoto yule alizikwa na walimu wawili na bwana mifugo, maana ndugu wa mama yake walikuwa mbali na majirani waliogopa. Kwetu hakuenda mtu. Tulikuwa bado hatujatakaswa, na bibi alisema tukienda tutamzidishia mama yake balaa.

Uhamisho wa Mama Zuhura ulipotoka, alipita kando ya shamba letu akienda kupanda basi la Mbulu. Nilikuwa nachunga ndama. Nilipomwona nilirudi nyuma, asinifikie. Akatua sanduku, akanifuata, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Zuhura alikuwa na malaria. Tulitoka nayo kwetu Muheza," alisema. "Hukumpa wewe, wala mama yako hakumpa. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Kwa kweli nilielewa jambo moja tu, kwamba mtu aliyefiwa na mwanawe alikuwa amesimama njiani kwa ajili yangu. Lakini nilirudi nyumbani nikambeba mdogo wangu.

Bibi, uzeeni, aliniuliza kama yule nesi alipata mtoto mwingine. Sikujua. Nimeulizia Mbulu, nimeulizia hadi Babati baada ya mkoa kuwa Manyara, sijapata anayemkumbuka.

Siku hizi, katika jumuiya yetu ya kanisa, mimi ndiye ninayetangulia kuingia penye msiba. Naketi na waliofiwa, mara nyingi bila neno, na hapo ndipo ninapohisi Mungu ananihitaji. Nimekaa matanga mengi sana. Ya Zuhura sikuyakaa, na hayakaliki tena.