Chuma Hakipungui

Nilimwangusha mama Jumapili asubuhi, nikimtoa kitandani nimpeleke bafuni. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miezi mitatu, na mimi, mwalimu wa darasa la tatu mwenye mikono ya kushika chaki, nilikuwa peke yangu naye nyumbani kwetu Msamala. Nilimwinua nusu, mgongo ukakataa, tukaenda chini wote wawili. Ikabidi nimwite jirani, fundi wa kuchomelea. Mama alikuwa na khanga moja tu, nayo ilikuwa imefunguka. Fundi alimnyanyua huku ameangalia ukutani. Alipoondoka, mama aliniambia taratibu, kwa mdomo uliopinda, "Mwanangu, usimlete tena mwanaume humu."

Nililia kwa hasira. Kisha nikamfuata fundi yuleyule, maana nyuma ya banda lake alikuwa na chuma cha mazoezi: bomba lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege.

"Dada, chuma peke yake hakitoshi," aliniambia. "Mgonjwa hana mshikio. Lazima na mwili wako ujue kujibeba."

Akanipangia wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nikitoka shule ni chuma, kukitoa chini hadi kiunoni mara tano, kupumzika, kurudia. Jumanne na Alhamisi ni mwili mtupu nyumbani: pushapu, kuchuchumaa na kusimama, na kichurachura, ileile niliyokuwa nikiwaadhibu nayo watoto wa watu. Malipo ni hapa hapa duniani. Jumamosi nipumzike, alisema, kana kwamba mashuka ya mgonjwa hujifua.

Majirani walicheka. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliuliza kama natafuta kibarua cha kupakia mahindi kwenye malori. Nikamwambia wakinihitaji waseme. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Kila asubuhi nilibaki na mama na ile sakafu ya saruji, na niliiogopa sakafu ile kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Wiki ya tatu nilimwinua bila kuyumba. Wiki ya sita nilimbeba hadi uani aote jua, maana baridi ya Juni ilikuwa imeanza. Pushapu zangu tatu zilikuwa zimefika kumi na tano. Nilijishika misuli mbele ya kioo kama mjinga.

"Umepata nguvu," mama alisema, akatabasamu.

Nikamletea uji. Akanywa vijiko vitatu, akasema ameshiba. Mimi nilikula nilipopata nafasi, na mara nyingi sikuipata.

Kilichonishtua ni chuma. Jumatatu moja, wiki ya tisa, nilikitoa chini mara ya tano, miguu ikatetemeka vilevile kama siku ya kwanza.

"Dada, mbona hupandi?" fundi aliuliza. "Bado tano zilezile."

"Kimekuwa kizito," nikasema.

Akacheka. "Zege haliongezeki."

Wala halipungui, nikawaza. Kama nguvu zangu zilikuwa zilezile, basi kilichobadilika ni kile nilichokuwa nabeba. Pushapu zilikuwa rahisi kwa sababu mwili niliousukuma ulikuwa umekwisha. Sketi yangu wakati ule nilikuwa naifunga kwa pini. Na mama je? Niliondoka pale bila kuaga.

Nyumbani nilimfunua shuka. Nyonga zilikuwa zimechongoka na mbavu zilihesabika. Nilikuwa nimemwogesha kila siku, nikimtazama kama mzigo, nikitafuta pa kushika. Sikuwa nimemwona. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Nilipika uji wa ulezi, nikatia karanga na maziwa, nikakaa kando ya kitanda. Kijiko cha kwanza aligeuza uso. Cha pili alifunga mdomo, ukamwagika shingoni. Nikambembeleza, nikamgombeza kama mwanafunzi, mwisho nikapiga magoti kwenye sakafu ileile.

"Mama, kwa nini huli? Nakuomba uniambie."

Aliutafuta mkono wangu kwa ule wake mzima.

"Nikila," alisema, "utaniangusha tena."