Datius na Kengele ya Mbele Kabisa

Mimi na ile meli hatukuwahi kupatana. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kuililia. Watu wa Bukoba mjini wakiitaja Mv. Izigo wanalainisha sauti, wanakumbuka safari za visiwani, wanakumbuka nani alimposa nani pale sitahani. Hongera zao. Mimi naikumbuka kwa harufu ya dizeli kwenye shuka zangu, miaka ishirini na tisa.

Mume wangu Datius alikuwa fundi wa mashine humo. Alitoka hapa Buganguzi na darasa lake la saba, akapewa tambara na kopo la grisi, akaambiwa afute. Akafuta. Wahandisi wa vyuo walikuja na vitabu vyao, wakakaa miezi, wakahamishwa, yeye akabaki mpaka mashine ikawa haimsikilizi mtu mwingine. Sikio lake la kushoto lilifia humo chini kwa kelele. Binti yetu Renatha alizaliwa baba yake akiwa Kemondo, mashine imegoma. Mama mkwe wangu alizikwa mwanawe akiwa ziwani. Kibanja hiki unachokiona, migomba na kahawa yake yote, nimepalilia mimi, nimekata majani mimi, nimevuna mimi, na watu wakipita barabarani wanasema kibanja cha Datius kimependeza. Kibanja cha Datius, mawe! Hasira hiyo bado ninayo.

Na si kwamba mimi sikuitumikia hiyo meli. Kulikuwa na maungio ya bomba fulani yaliyokuwa yakivuja tangu enzi na enzi. Vipuri viliandikiwa barua, barua zikajibiwa kwa barua, vipuri havikuja. Datius akagundua kwamba nyuzi kavu za mgomba, ukizisokota vizuri na kuziloweka kwenye oili, zinaziba pale kuliko kitu chochote cha dukani. Nani alizichuna hizo nyuzi? Mimi. Kila mwezi fungu moja, limefungwa vizuri, namkabidhi akiondoka. Meli ya serikali ilikuwa inatembea kwa migomba yangu, na sikuwahi kupata hata tiketi ya bure.

Jambo moja la kazi yake lazima nilieleze, maana ndilo lililotufikisha hapa. Fundi wa mashine haoni nje. Yuko chini, kwenye joto na taa za umeme, hajui kama ni kisiwa au ni gati. Kinachomwongoza ni saa kubwa ya shaba ukutani, ina mshale na kengele. Nahodha huko juu akivuta mkono wa saa ya kwake, mshale wa chini unahama na kengele inalia: simama, mbele polepole, mbele nusu, mbele kabisa. Fundi anajibu kwa kuvuta mkono wa saa yake, halafu anatii. Haulizi. Datius alijisifia hilo kuliko kitu kingine chochote maishani. Alikuwa akisema katika miaka yote hiyo hajawahi kuiuliza kengele kwa nini. Mimi aliniuliza kwa nini kila siku, kwa nini chumvi, kwa nini mbuzi amelegea, lakini kengele hapana.

Akastaafu. Mwaka uliofuata Izigo nayo ikasimamishwa, ikafungwa pale bandarini Bukoba, ikakaa miaka minne inaota kutu. Nilidhani sasa nimepata mume. Wapi! Kila mwezi anapanda gari kwenda Bukoba kuiangalia. Anasema anakwenda kumsalimia Renatha, ambaye anafundisha shule huko Kahororo, na Renatha ananipigia simu kwamba baba amekunywa chai dakika tano, ameshateremka bandarini. Akaandika barua kwa wakubwa, kwa mwandiko wake ule wa kuchonga, kwamba mashine ni nzima, kwamba watu wa visiwani wanateseka na mitumbwi, kwamba apewe wiki mbili tu aonyeshe. Hakuna aliyejibu. Alipoandika ya nne nilimwambia aache kujidhalilisha. Alininunia siku tatu.

Halafu akaja Najibu. Huyu alikuwa mtu wa kampuni moja ya vyuma chakavu, kijana mstaarabu tu, mgeni katika mkoa wetu. Alifika nyumbani na gari, viatu vimejaa matope, akaeleza kwamba kampuni imeinunua Izigo, inataka kuipeleka kwenye ufukwe wao huku Muleba, na mafundi wao wameshindwa kuiwasha. Bandarini wamemwambia yuko mzee mmoja tu.

Datius aliingia ndani akatoka na omwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile anayoihifadhi kwenye jani kavu la mgomba, akammiminia mkononi. Kwetu omwani si kitafunwa. Zamani watu walichanjiana damu kwa punje za kahawa wakawa ndugu, na hata leo mtu akiipokea mkononi mwako akaitafuna mbele yako, hamdanganyani. Najibu angejuaje? Alitafuna kama karanga, akasema ni tamu, akaomba nyingine.

Ndipo Datius akamuuliza, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia kwa masikio yangu, kama meli ikifika yenyewe kwa nguvu zake, mashine inanguruma vizuri, bado wataikata?

"Mzee wangu, wewe ifikishe kwanza," Najibu alisema, kahawa ingali mdomoni. "Mengine tutaona."

Mtu mwingine yeyote angeelewa. Mimi nilielewa. Lakini Datius alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akarudi uso umefunguka, akaniambia wataiacha, wakiiona inatembea hawatakuwa na moyo wa kuikata. Nikamwambia Baba Renatha, huyo kijana hajasema hivyo. Akasema, "Amekula omwani wangu." Nikabishana naye mpaka nikachoka. Miaka sabini karibu, anaongea kama mtoto anayengoja sikukuu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba asubuhi yake nilijikuta niko kibanjani nachuna nyuzi.

Nikasema safari hii naenda. Nilijua itakavyoisha, na sikutaka arudi peke yake. Tulilala kwa Renatha Kahororo, alfajiri tukateremka bandarini na chungu cha ndizi na maharage, maana Datius ni bure kabisa akiwa na njaa. Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, na mji mzima ulikuwa unazungumzia senene, hakuna aliyekuja kuaga meli. Walikuwapo Najibu, mabaharia wachache, na nahodha Kamala, ambaye alianza kazi kwa kufagia sitaha enzi za mume wangu na mpaka leo humsalimia kwa kuinama.

Datius alizama humo chini saa mbili nzima. Tulisikia anagonga mabomba, ananyamaza, anagonga tena. Najibu alikuwa anatembea huku na huko na simu. Halafu hewa ya kuwashia mashine ikafyatuka, meli ikatetemeka yote, moshi mweusi ukatoka, ukawa wa kijivu, ukaisha. Na sauti ile ikaja. Nimeichukia sauti hiyo maisha yangu yote, na waitu, jamani, ilikuwa nzuri. Mabaharia walipiga makofi. Najibu aliniambia mzee ni noma, na mimi, mjinga mimi, nikajisikia fahari.

Tukaondoka. Kisiwa cha Musira kikabaki nyuma, tukapita Kemondo, ziwa limetulia. Saa nne mfululizo ile mashine haikukohoa hata mara moja. Nilimteremshia chakula mara mbili. Alikuwa amevua shati, mkono mmoja kwenye bomba lake la nyuzi za mgomba, anasikiliza kwa sikio lililobaki. Aliniambia hajawahi kuisikia hivi tangu mwaka aliponioa. Aliniambia nikapande juu nimtazame Najibu, kama anafurahi. Nikamwambia anafurahi, na huo haukuwa uongo.

Ilipofika saa saba Kamala akaniita pale kwenye usukani. Aliniambia kwa Kihaya, sauti chini, kwamba tukishapita ile rasi nishike kitu kigumu. Nikamuuliza kuna nini. Akaniangalia kwa mshangao. Meli ya kukatwa, alisema, haifungwi gatini. Inapandishwa mchangani kwa kasi yake yote, ikwame kabisa, mawimbi yasiirudishe. Ndiyo maana kampuni ilitaka mashine iwake, ya kuvutwa ingewasumbua. Nikamuuliza kama Datius anajua.

"Mama, nilidhani Najibu amemwambia," alisema. Akatazama mbele, akatazama mikono yake. "Mimi siwezi kuacha usukani hapa. Teremka umwambie wewe. Asipotaka, azime. Mimi sitamlaumu."

Basi nikateremka. Nataka mtu anielewe hapa: niliteremka ili nimwambie. Ngazi zile ni za chuma, zimesimama wima, na mimi magoti yangu si mazima, nilikuwa nalaani kila kidato. Nilimlaani Najibu na kahawa aliyokula, nikawalaani wakubwa na barua zao, nikamlaani Kamala kwa kunibebesha neno la kwake. Na kwa nini mimi? Miaka ishirini na tisa hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu meli hii, leo naambiwa niamue kama itaishi au itakufa.

Datius aliniona akacheka. Jasho linamtiririka, meno nje. Akaniashiria nisogee, akanishika mkono akauweka juu ya mashine ili nisikie inavyopumua. Ilikuwa ya moto na imetulia. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno tayari, Baba Renatha, zima. Maneno matatu. Halafu nikawaza: akizima itakuwaje? Itaelea hapa, itavutwa, itakatwa mwezi ujao badala ya leo, na katikati yake atakuwa analipa nauli kila wiki kuja kuiangalia, na ataandika barua, na nitachuna nyuzi. Nilichoka. Nasema kweli, nilichoka kuliko nilivyomhurumia. Nilitaka iishe.

Kengele ikalia. Mshale ukaruka, ukapita polepole, ukapita nusu, ukasimama kwenye mbele kabisa.

Datius alitazama ule mshale, akanitazama mimi. Nimemwona mume wangu siku ya harusi yetu pale kanisani, na hakuwa na uso ule.

"Wameona," alisema. "Wanataka kuona yote iliyo nayo."

Akavuta mkono wake, akajibu kengele, akaipa mashine mafuta yote. Nikashika bomba kwa mikono miwili. Yeye hakushika kitu, hakuwa na sababu.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa kama nilivyoogopa. Kwanza palikuwa na mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu, halafu meli ikainua pua, vitu vyote vikatuhama, chungu changu kikaruka kikavunjika. Datius alirushwa kwenye ukuta wa mbele akapasuka juu ya jicho. Mashine ilikuwa bado inasukuma, inasukuma mchanga. Kengele ikalia tena. Mshale ulikwenda mwisho kabisa wa saa, mahali palipoandikwa kazi ya mashine imekwisha. Alisimama damu ikimtiririka, akauangalia. Nilimwona ameelewa. Na bado akaenda akavuta mkono wake, akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote, halafu akaizima yeye mwenyewe, valvu moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wake.

Juu, watu wa kampuni walikuwa wameshaanza kuburuta mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Najibu alikuja mbio na maji na kitambaa, akamwita baba, akamshukuru kwa moyo kabisa. Hakujua amefanya kosa gani. Datius alimpa mkono. Tulipanda gari mpaka Muleba mjini, tukachukua bodaboda mbili mpaka Buganguzi.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika. Nilimsafisha jeraha. Akaingia ndani, akatoka na lile jani kavu la mgomba, akalifungua, akashika kiganja changu akanimiminia omwani. Hakuwahi kunipa hivyo. Mke hapewi kahawa kama mgeni nyumbani kwake, anajichukulia. Akangoja. Nikatia punje mdomoni, nikatafuna.

"Mama Renatha," alisema, "uliposhuka zile ngazi, ulikuwa unajua?"

Kahawa ilikuwa ingali chini ya meno yangu. Nikamwambia sikujua.

Akasema, "Haya," akalifunga jani lake, akaenda kumrudisha mbuzi bandani. Mwaka wa pili sasa. Bomba la kuzibwa halipo, na nyuzi za mgomba zimejaa kule kibanjani hazina kazi. Hajaniuliza tena, na mimi kila jioni nangoja aniulize.