Kinanda Kilichougua Mbio

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi wa gereji Kisumu, na Jumapili hupiga kinanda kanisani. Tajiri wangu, Bwana Singh, alilalamika kwamba gari yake haina nguvu: "Petroli gari inayo. Inakosa upepo wa kusukumwa ndani ya injini kwa nguvu!"

Upepo? Kinanda cha kanisa kina mivukuto, ile mifuko ya kusukuma upepo kwa miguu! Nikamwambia padri kinanda kinaumwa, nikakifunga kwenye gari na kukiunganisha na injini kwa mpira wa maji. Bwana Singh akaendesha, mimi nikakanyaga mivukuto. Lo, tuliruka! Ila sauti moja ya kinanda ilikwama, ikalia mpaka Ahero, watu wakivua kofia wakidhani ni ibada.

Tukampita mtu wa baiskeli. Padri!

"Fundi! Si ulisema kinaumwa? Mbona kinanipita mbio?"