Kisasi cha Duka la Mapazia

Wifi yangu haamini kusamehe. Nalisema mapema ili asije mtu akashangaa mbele ya safari. Ukimkanyaga mguu leo ukaomba radhi, radhi ataipokea, tabasamu atakupa, na mwakani atakukumbusha ule mguu. Kaka yangu alimuoa huku anajua. Tulimwambia.

Lakini kwa kazi, mwacheni. Duka lao la mapazia ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara, majora ya vitambaa yamesimama ukutani, meza ya kukatia iko katikati. Nasema lao kwa sababu ni la wawili: wifi yangu anakata, mwenzake anashona. Walijuana tangu wasichana, walipokuwa wakijifunza cherehani kwa mwalimu mmoja mkali, na toka hapo hawakuachana. Huyo mwenzake tunamwita Mpelelezi. Mimi ndiye mpiga pasi. Pasi ni joto, na joto hupandisha hasira, kwa hiyo nikifoka mahali mnivumilie tu.

Kila alasiri, siku za kazi, televisheni iliyo juu ya kabati la nyuzi hutuletea tamthilia ya Kichina ya enzi za wafalme, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe, jamani! Mfalme anamwambia mkewe, “Ewe mwanamke, waniudhi.” Hapa kwetu ukiongea hivyo unaulizwa kama una homa. Basi wakati huo duka halina mkubwa wala mdogo. Mteja akiingia anaonyeshwa kiti, anaambiwa anyamaze, na asipokuwa mwangalifu naye anarudi kesho bila haja ya pazia lolote.

Hadithi iliyotuteka safari hii ilikuwa ya Binti Tabibu. Baba yake alikuwa tabibu wa ikulu, akasingiziwa kumuua kwa sumu bibi mzaa baba wa mfalme, akafia gerezani. Binti akakua, akabadili jina, akaingia ikulu kama mdarizi ili amtafute aliyetia sumu ile na kuwalipiza wote waliohusika, mmoja mmoja. Washukiwa walikuwa wengi. Waziri mwenye ndevu. Mtumishi mkuu anayetabasamu hata mvua ikimnyeshea. Mama yake mfalme, ambaye kila tukimwona yuko na kikombe cha chai na hajawahi kukimaliza.

Maoni sasa. Wifi yangu alikuwa upande wa kisasi, tena bila masihara. “Mtu kakuulia baba, unamsamehe ili iweje? Mpaka wa mwisho! Asibaki hata mpishi!” Mpelelezi alikuwa upande wa pili: “Na yeye ataishi lini? Ujana wote unaishia kunyata kwenye kuta.” Walibishana mpaka mate yakawaruka. Fundi wa fimbo za pazia, ambaye huja kuchukua vipimo na kusahau kuondoka, alikuwa na lake. “Mimi hizi hadithi sifuatilii,” husema, huku amekaa mbele kuliko wote, “ila huyu mfalme kazi anafanya saa ngapi?” Mimi kilichokuwa kikiniuma ni mavazi. Mtu anapigana kwenye matope, anaanguka kutoka mlimani, anafufuka, na kanzu yake nyeupe haina hata kunyanzi. Nani anawapigia pasi wale? Mtu huyo nataka kumwona kabla sijafa.

Sasa, ubishi wao ulikuwa na adhabu. Kila fumbo likijitokeza, wote wawili walitaja mshukiwa wao, na aliyekosea alifanya kazi inayochukiwa kuliko zote: kufumua mapazia ya zamani yaliyoletwa kugeuzwa. Unakaa na wembe, unakata uzi mmoja mmoja, vumbi la miaka ya watu linakuingia puani. Na mwenye kufumua siku zote alikuwa wifi yangu. Mwenzake hakosei! Nani kaiba muhuri? Alijua. Barua ya uongo kaandika nani? Alijua. Ndipo tukampa lile jina, na akalibeba kwa maringo, anaweka miwani kwenye ncha ya pua na kusema, “Tumia akili, mwenzangu.” Wifi yangu alipiga chafya na kumeza hasira.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mpelelezi iliishia kwa mfua nguo. Alikuwako mle ikulu mama mmoja bubu wa kufua, hata jina hakupewa. Siku hiyo Binti Tabibu akapita karibu naye, hata salamu hakumpa. Mpelelezi, mguu kwenye cherehani, akasikitika kwa sauti: “Masikini ya Mungu, mwanawe wa kumzaa anampita hivi hivi.”

Wifi yangu akaweka mkasi chini.

“Umejuaje kama ni mwanawe?”

“Si... inaonekana.”

“Inaonekana wapi? Tumeambiwa mama yake alikufa. Kaburi tumeonyeshwa. Tumelia hapa!”

Lo! Mpelelezi alibabaika, akasema hili, akasema lile, mwishowe akatoa. Alikuwa akiangalia mbele. Kwenye simu yake tamthilia zipo zote, na kila jioni alikuwa akitangulia sehemu chache halafu anakuja kazini na uso wa mtu asiyejua kitu. Si hii tu. Zote, kwa mwaka mzima na zaidi. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nakiri, kwa sababu nilikumbuka yale mapazia yote. Mpelelezi akaomba radhi palepale, akaifuta ile programu kwenye simu mbele yetu, akauchukua wembe mwenyewe na kwenda kufumua.

“Yameisha,” alisema wifi yangu, na akatabasamu.

Mimi lile tabasamu nalijua. Mama yake mfalme analo.

Jioni hiyo tulipokuwa tunafunga duka akaniambia mpango wake. Angeiangalia tamthilia yote mpaka mwisho, peke yake. Kisha angesubiri. Siku duka limejaa, mwenzake amekolea, roho juu juu, amesahau kabisa, angesimama na kumtaja muuaji mbele ya watu wote. “Ile raha ya kushangaa simwachii hata chembe. Halafu kila mtu abebe cherehani yake.”

“Mnaachana? Kwa ajili ya mfua nguo?”

“Wifi, mtu anayeweza kunitazama machoni na kunidanganya juu ya mfalme wa kuigiza, ya kweli atashindwa?”

Lile duka si duka tu. Wale wanawake walizaa wakiwa humo, walizika wazazi wakiwa humo, na mimi kabla ya kuitwa humo nilikuwa nimekaa nyumbani kwa kaka nahesabu mbao za dari. Wakiachana wao, sisi wengine twende wapi? Nikamwambia hasira hasara. Akaniambia nikapige pasi.

Kesho yake nikamfuata Mpelelezi kwenye kufumua kwake, nikamuuliza kwa ukali, maana nami nilikuwa na langu: “Hivi we, kushinda ni kutamu kiasi hicho?”

Hakuinua kichwa. “Kushinda kulikuja baadaye, wifi. Mwanzo haikuwa hivyo. Unakumbuka mwanangu alipolazwa?”

Nakumbuka. Nani asiyekumbuka? Kijana sasa ni mzima, anacheza mpira na kuvunja madirisha ya watu, lakini wakati ule mlango ulifungwa, madaktari ndani, mama nje kwenye benchi, na kila aliyetoka alipita kimya.

“Tangu siku ile kusubiri siwezi,” alisema. “Hata kwa hadithi. Mtu akiugua kwenye televisheni lazima nijue kwanza kama anapona, ndiyo nikae niangalie. Basi nikaona najua na mengine, mkanipa jina, nikanogewa. Kosa ni langu.”

Nikayabeba maneno yale mbiombio kwa wifi yangu. Akasikiliza, akaizungusha mita yake ya kupimia shingoni. “Maneno ya mshtakiwa,” alisema. Mwanamke yule! Na ndiye aliyekaa na mwenzake kwenye lile benchi mwanzo mpaka mwisho, hata kula hakula.

Basi akaanza kuangalia mbele. Na hapo ndipo kisasi kilipoanza kumgeuka mwenyewe, ingawa hakukubali. Kaka yangu alinipigia simu analalamika. “Njoo umwone wifi yako. Anabishana na mto wa kochi.” Kumbe kila jambo likitokea anageuka aseme, “Si nilikwambia?” na hakuna wa kumwambia. Kaka yangu alijitahidi, maskini, akamuuliza, “Huyu mwenye ndevu ndiye yule mwenye ndevu wa jana?” Akafukuzwa sebuleni kwake mwenyewe. Siku muuaji alipojulikana, wifi yangu alikuja kazini uso umemvimba, na nilipomuuliza kama mwisho ni mzuri alijibu, “Mzuri. Tena mzuri sana,” kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Wakati huohuo Mpelelezi, bila ile programu yake, alikuwa akifurahi mno. Na heri niseme ukweli: ni mpelelezi mbovu ajabu! Alimshuku mpishi, alimshuku farasi. Kuna siku aliapa kwamba muuaji ni marehemu mwenyewe. Alikosea kila fumbo, akafumua kila siku, na alicheka vumbi likiwa limemjaa kwenye nyusi. Wifi yangu alimtazama kwa jicho la pembeni na kukata kitambaa kwa nguvu zisizohitajika.

Siku yenyewe ikafika. Duka lilikuwa limejaa. Fundi alikuwapo, wateja wa kweli na wa uongo walikuwapo, na Mpelelezi alikuwa anaunga pazia zito la ukumbi huku macho yako juu. Katika ile hadithi alikuwako mtoto mdogo wa mfalme, kitoto chenye mashavu, rafiki pekee wa Binti Tabibu. Siku hiyo akanywa supu iliyokusudiwa mtu mwingine. Akadondosha kijiko. Matabibu wakambeba ndani, mlango ukafungwa, na mama yake akaachwa nje kwenye ngazi za mawe, mikono imeshikana.

Cherehani ikanyamaza.

Matangazo yakaingia. Fundi, ambaye hafuatilii, akatoa hukumu: “Huyo keshakwenda.” Watu wakamzomea. Wifi yangu akaweka mkasi mezani, akapangusa mikono, akasimama. Nikajua ndiyo leo. Muuaji alikuwa mdomoni mwake, mtu mzima na jina lake na cheo chake. Nilitaka kupiga kelele, nikabaki nimeinua pasi juu kama mjinga.

Akazunguka meza, akaenda mpaka kwenye cherehani. “Mwenzangu,” alisema, na watu wote wakageuka. “Nina neno nataka nikwambie mbele ya hawa.”

Mpelelezi hakumsikia. Alikuwa anautazama ule mlango ambao haupo tena, kwenye skrini kunauzwa sabuni, na mikono yake ilikuwa inajifuta kwenye gauni, inajifuta na inajifuta, wala haikuwa na unyevu wowote. Midomo ilikuwa myeupe. Wifi yangu akaiangalia ile mikono. Ninamfahamu, nimekaa naye nyumba moja, na sijawahi kumwona uso ukimbadilika vile. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, akamshika viganja vyote viwili.

“Anapona,” alisema.

Mpelelezi akamgeukia polepole.

“Anapona, nakwambia. Kesho kutwa anafungua macho anaomba maji. Mama yake analia, wewe utalia, hata yule mfalme mjinga analia. Mpaka mwisho wa hadithi anacheza na kishada. Nimeona kwa macho yangu. Pumua.”

Akapumua. Pumzi ile ilitoka ndefu, mabega yakashuka, na machozi yakafuata, lakini alikuwa anacheka. Duka zima halikujua litazame wapi. Fundi akainua kidole, akaanza, “Ala! Kwa hiyo na wewe ume...”

“Ndiyo!” wifi yangu alifoka bila kumtazama. “Nimeangalia mbele. Yote. Nilitaka nimharibie, nimtaje muuaji hapa hapa mbele yenu, halafu tugawane duka. Mna swali?”

Fundi akashusha kidole. Mimi nikashusha pasi.

Mpelelezi akajifuta macho kwa lile pazia la ukumbi, la mteja, tena kitambaa cha bei. “Ulitaka kunifanyia hivyo?”

“Nilitaka.”

“Na umeangalia peke yako mpaka mwisho?”

“Peke yangu. Na shemeji yako anayechanganya ndevu.” Wifi yangu akatikisa kichwa. “Haikuwa na utamu hata kidogo, mwenzangu. Hata kidogo.”

Muziki wa tamthilia ukarudi. Mpelelezi akamsogelea sikioni, macho bado mabichi, miwani kwenye ncha ya pua.

“Haya, basi nimalizie. Muuaji ni nani?”

“Ng'o!” alisema wifi yangu, na hakumwachia mikono. “Huyo utamsubiri. Nami nitasubiri nawe.”