Siku Mpangaji Alipotupikia

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, fundi mmoja Mjapani alikuja Bariadi kufunga mitambo ya kiwanda kipya, akapanga chumba kwetu. Jumapili moja alimwambia mama, "Leo pumzika. Mtakula nitakachowachagulia mimi."

Alikuwa ameagiza samaki kutoka Kalemela, kule ziwani. Tukakaa mezani na nguo zetu za kanisani. Lakini samaki walifika jua likiwa kali. Akawanusa, akatikisa kichwa.

"Wakikaangwa wanafaa," alisema kwa huzuni. "Wabichi, hapana."

Baba, ambaye hakujua kwamba tungelishwa samaki wabichi, alishusha pumzi.

Basi tukaletewa wali peke yake, bila samaki wa kuwekwa juu, wa baridi, wenye siki, umefinyangwa vidonge vidogo. Mimi na baba tulimeza kwa shida. Mama alimaliza sahani yake yote.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru.

"Nisamehe, mama. Hiki si chakula nilichotaka kukupa."

"Tangu niolewe," mama alisema, "hakuna aliyewahi kunipikia humu ndani."

Kisha akajifunga kitenge, akaenda kuwakaanga wale samaki. Fundi akamfuata, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.