Mama Hupanda Kabla ya Mvua

Harufu ya samadi kavu iliyochanganyika na vumbi ndiyo iliyokuwa harufu ya Novemba nyumbani kwetu Endasak. Majirani walikuwa wakingoja udongo ulowe, lakini mama yangu alikuwa ameshafukia mahindi katika ardhi kavu kama majivu, nasi watoto tukimfuata nyuma kusawazisha udongo kwa nyayo. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alisema tu, "Mbegu itangulie, mvua itaikuta."

Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mgeni aliyekulia mjini, alikuwa akitufundisha kuchagua kati ya "before" na "after". Alitupa jaribio la sentensi kumi. Ambaye angepata zote angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya kata. Sentensi ya tisa ilisema: "My mother plants maize ... the rains begin." Nikaandika "before" bila kusita. Daftari liliporudi nilikuta nimekoseshwa hiyo moja tu. Kuuliza si ujinga, lakini kumpinga mwalimu siku zile kulikuwa kujitafutia fimbo. Hata hivyo nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwetu mama hupanda kabla mvua haijanyesha."

Darasa likacheka. "Dalili ya mvua ni mawingu," akasema mwalimu. "Nani apande bila kuona wingu? Au umechanganya maana?"

"Sijachanganya, mwalimu. 'After' ni baada. Ila sentensi inamsema mama yangu."

Nilingoja fimbo. Badala yake akasema, "Basi nitamuuliza mwenyewe."

Jioni alikuja kwa miguu, akasimama ukingoni mwa shamba, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Alipouliza, mama alichimbua udongo kwa kidole, akamwonyesha punje. "Ukingoja mvua inyeshe ndipo upande, siku zimekupita," alisema. Mwalimu aliigeuza punje kiganjani, akairudisha ardhini kwa uangalifu. Kisha akaomba daftari langu, akaweka alama ya vema juu ya lile kosa. "Mwanao amepata kumi, mama. Na moja ni yako." Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akanituma nimletee mgeni maziwa, lakini nilimwona akitabasamu. Kwenye mashindano ya kata nilishika nafasi ya pili, naye mama alinisindikiza akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza Katesh. Wanafunzi wangu wana vitabu ambavyo sisi tulivigombania watano kwa kimoja, na matamshi yao yanapita yale niliyokuwa nayo katika umri wao. Lakini wengi hupokea kosa kimya kimya, wakageuza ukurasa. Ndiyo maana kila baada ya jaribio natenga dakika kumi kwa yeyote anayetaka kunipinga kwa adabu. Muhula uliopita binti mmoja kutoka Balangdalalu alisimama, akanipinga kuhusu "until", na alikuwa sahihi. Nilimpa alama yake mbele ya wenzake, nikawaambia wote wafungue madaftari wasahihishe kosa la mwalimu wao. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama siku ile.