Sikubonyeza Ndiyo

Mama alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye kompyuta yangu. Katika miaka yake ya mwisho nilimrekodi jikoni kwetu, katika kijiji cha Daudi, akisimulia hadithi kwa Kiiraqw, lugha yetu, nyingine mara nyingi, kwa kuwa alipenda kuzirudia.

Kompyuta ilipojaa, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Arusha akaniwekea msaidizi wa akili bandia, anayeandika amri na kuziendesha mwenyewe. Tulimwomba atupatie nafasi. Akakagua mafaili, akasema rekodi nyingi zinafanana, kisha akaomba ruhusa ya kuzifuta.

"Bonyeza ndiyo," kaka alisema. "Mruhusu yote, usimchoshe kwa maswali."

"Hapana, kaka. Kwanza nisome anataka kufuta nini."

"Utaielewa wewe hiyo amri?"

"Nisipoielewa, haitaendeshwa."

Alikasirika. Kwetu kaka mkubwa habishiwi, na mimi sikuwahi kumbishia. Siku ile niliivuta kompyuta upande wangu, nikafungua rekodi mbili ambazo msaidizi alisema ni kitu kimoja. Katika ya kwanza mama alisimulia habari za fisi. Katika ya pili alisimulia habari za fisi yuleyule, akasahau mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

Machozi yalimtoka kaka.

Nilimwagiza msaidizi ahamishie rekodi zote kwenye diski ya nje, asifute chochote. Alitii. Mpaka leo ananifanyia kazi, na kila amri naisoma kabla ya kuiruhusu. Wanaosema nachelewesha mambo, waendelee kusema. Mwenye ruhusa nyumbani kwangu ni mimi.